Uzi: Magari ya kukodi yenye hema juu. Nani alipe klachi, tairi, ukungu wa hema na usafi?

#1 Spana_Kumi_na_Tatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kiangazi ndiyo hicho kinaingia. Land Cruiser, Prado na Hilux zenye hema juu zitaanza kutoka Arusha na Moshi kila asubuhi: mteja anaendesha mwenyewe, analala juu ya gari, anapika nyuma ya gari. Ugomvi nao uko palepale. Siku ya kurudisha, mwenye gari anazunguka na tochi ya simu, mteja ana ndege KIA usiku uleule, amana imeshikiliwa, na kila mmoja anamwona mwenzake tapeli. Nyuzi za namna hii huishia kwenye matusi, kwa hiyo naomba humu tuweke ufundi mezani, matusi tuyaache nje.

Msimamo wangu: ugomvi wa kurudisha hutengenezwa siku ya kutoa gari. Gari likitolewa na vumbi, picha zote mlizopiga ni bure, maana vumbi linaficha mikwaruzo. Likirudi likaoshwa, mkwaruzo wa mwaka juzi unaonekana wa jana. Kwa hiyo gari lioshwe na likauke kabla ya kukabidhiwa. Jua la saa sita halionyeshi palipobonyea. Piga saa kumi na moja jioni, au washa tochi ukiielekeza ubavuni mwa gari, siyo usoni. Anzia namba ya mbele, zunguka upande mmoja mpaka urudi ulipoanzia, kila kipande picha ya mbali na ya karibu, na penye alama weka sarafu ili ukubwa ujulikane. Halafu sehemu ambazo watu huziruka: kinga ya chini ya injini, difu, ekzosi, tangi la mafuta, paa, ngazi ya hema, hema likiwa limefunguliwa. Dashibodi piga ukiwa umefungua swichi bila kuwasha injini, ili taa zote za onyo zionekane zinafanya kazi. Kuna magari taa ya injini imetolewa balbu, wakuu.

Picha zitumwe kwa pande zote mbili palepale, na zitumwe kama faili la dokumenti. Ukizituma kama picha za kawaida WhatsApp inazipunguza na saa ya kupigwa inapotea.

Mikwaruzo ya miiba: pitisha ukucha kwa kukatisha mstari. Ukucha ukiteleza, mkwaruzo uko kwenye tabaka la juu la rangi na polishi inautoa, hiyo ni kazi ya saa moja. Ukucha ukikwama, rangi imekatika, inataka kupulizwa. Mteja asilipishwe kupuliza mlango mzima kwa mkwaruzo ambao ukucha unapita juu yake.

#2 MzeeWaDifu

Nakazia yote. Mimi niongezee klachi, maana ndiyo inayokula amana nzima kwa mkupuo.

Mwenye gari husema "umeniunguzia klachi", mteja husema "ilikuwa imeisha". Jibu liko kwenye bamba la klachi lenyewe, halihitaji mabishano. Klachi iliyokufa kwa umri imelika sawasawa pande zote mbili mpaka imekaribia kugusa ribiti, na flaiwili (gurudumu la injini ambalo bamba hubana) bado ina rangi ya chuma. Klachi iliyounguzwa unakuta bamba bado lina unene, lakini uso wake unang'aa kama kioo, na flaiwili ina madoa ya bluu na nyufa nyembamba kama tope lililokauka. Hiyo mtu kaifanya kwa mchana mmoja tu: gari limezama, yeye anakanyaga mafuta huku klachi imeshikwa nusu. Halafu iko ya tatu ambayo mafundi wengi hawaitaji kwa sababu inamrudia mwenye gari: bamba limelowa oili kutoka kwenye sili ya nyuma ya injini au ya giaboksi. Hapo mteja hahusiki hata kidogo.

Kwa hiyo giaboksi lisishushwe mteja akiwa hayupo, au kama kashaondoka, fundi arekodi video tangu nyumba ya klachi inafunguliwa, na bamba la zamani litunzwe. Fundi aliyetupa bamba kabla ya kuitwa, ushahidi kautupa nalo.

Kipimo cha siku ya kutoa: gari likiwa tambarare, handbreki imevutwa, weka gia ya nne, achia klachi taratibu bila kukanyaga mafuta mengi. Injini inatakiwa izimike mara moja. Ikiendelea kunguruma wakati mguu umeshatoka, klachi inateleza, gari lisitoke. Fanya mara moja tu. Ukirudiarudia unaiunguza wewe.

Malipo: kama imeunguzwa na bamba lilibakiza nusu, mteja alipe nusu ya bei ya vipuri, pamoja na ufundi wote, kwa sababu giaboksi lisingeshushwa mwezi huu bila yeye.

#3 Mtalii_wa_Ndani

MzeeWaDifu, nakubali bamba, nakataa ufundi wote. Kama nusu ya maisha ya klachi ilishaliwa, basi siku moja giaboksi lingeshushwa tu na mwenye gari angelipa. Ufundi nao ugawanywe kwa uwiano uleule.

Ila mimi nimekuja na la usafi. Wenye magari mnakata hela ya "usafi wa kina" kwa gari lililotoka Serengeti. Ukishaacha lami pale lango la Lodoare, Ngorongoro, kuna njia gani ya kufika lango la Naabi Hill bila vumbi kuingia mpaka kwenye kisanduku cha glavu? Mnakodisha gari la porini halafu mnataka lirudi kama limetoka harusini!

#4 Spana_Kumi_na_Tatu

Mkuu una haki, na wenzangu wanikasirikie tu. Vumbi si uchafu wa ziada. Tope la nje si uchafu wa ziada. Bei ya siku inatakiwa iwe imeshabeba kuosha gari na kulifuta ndani.

Uchafu wa ziada ni ule unaodai kazi ambayo kuosha kwa kawaida hakuifanyi: damu ya nyama au maziwa yaliyomwagika kwenye friji, mafuta ya kupikia kwenye kapeti, masizi kwenye dari, harufu ya sigara, matapishi, mchanga uliosagika kwenye zipu za hema. Watu wawili huosha na kufuta gari la aina hii kwa kama saa mbili. Zikizidi, mkataba useme saa za ziada zinatozwa kiasi gani kila moja. Ukiandika "usafi wa kina" na tarakimu moja mbele yake unakaribisha kesi.

Friji: mabaki yatoke, fungua kizibo cha chini kama kipo, futa kwa maji ya uvuguvugu na soda ya kuokea, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja. Usitumie jiki, inabaki harufu kwenye plastiki na inaharibu mpira wa mlango. Halafu, na hapa ndipo wengi hukosea, mfuniko uachwe wazi. Friji iliyooshwa vizuri ikafungwa ikiwa imezimwa itanuka kuliko ambayo haikuoshwa.

Uchafu mmoja wa nje nautoa kwenye msamaha: magadi ya Ziwa Natron. Yale yakikauka kwenye chasi, bolti za shokapu na mabomba ya breki, yanakula chuma kimyakimya. Mteja akitoka Natron aoshe chini ya gari kwa maji baridi mengi siku hiyo au kesho yake, car wash ya kwanza anayoikuta Mto wa Mbu inatosha, na atunze risiti. Asipofanya hivyo na mkataba ulimwambia, alipe. Kama mkataba haukumwambia, mwenye gari ajilaumu.

Na mpira wa maji wenye nguvu usielekezwe kwenye rejeta kwa karibu, mapezi yanalala. Mbegu za nyasi zikijaa pale, zipulizwe kwa upepo kutoka upande wa injini kwenda nje. Nyasi zilizoviringika kwenye ekzosi zitolewe kila jioni, zile huwasha gari moto.

#5 Zipu_na_Turubai

Kwenye hema mnapapita haraka, wakuu, wakati hema ni ghali kuliko bampa na taa ukiziweka pamoja.

Ukungu hauji kwa sababu mteja ni mchafu. Unakuja kwa sababu kitambaa cha pamba kimefungwa kibichi. Kambi za kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, asubuhi hema limelowa umande hata kama mvua haikunyesha, na mteja anataka kushuka kreta saa kumi na mbili. Analikunja bichi. Hilo si kosa. Kosa ni kulala na unyevu huo ndani siku mbili, tatu. Mchana wa siku hiyohiyo, akisimama kula, alifungue hata dakika arobaini juani, godoro alisimamishe kwa ubavu ili upande wa chini upate hewa. Upande wa chini wa godoro ndio wa kwanza kuota madoa, maana pumzi ya waliolala inagandia kwenye ubao.

Doa la ukungu la siku chache ni la juujuu: brashi kavu kwanza, kisha siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, liache kama saa moja, futa, anika. Ukungu wa zamani umeingia kwenye nyuzi, una kingo nyeusi, na hata ukilisafisha kivuli kinabaki. Mwenye gari anayeonyesha kivuli cha namna hiyo gari lililotoka wiki moja iliyopita anatafuta hema jipya kwa pesa ya mtu. Na yeyote atakayepaka jiki kwenye hema ameua dawa ya kuzuia maji. Mvua ya kwanza itamjulisha.

Zipu: ikikwama ni vumbi. Mswaki mkavu, halafu sugua mshumaa kwenye meno. Ukiivuta kwa nguvu, kinachoharibika ni kile kichwa, kwa hiyo kabla ya kudai zipu nzima jaribu kubadilisha kichwa au kukibana kidogo kwa koleo.

Ngazi: huwa inapinda pale mtu anapopanda kabla vipande havijajifunga vyote, au inapowekwa wima mno. Ngazi iliyopinda ni ya mteja. Bolti za bawaba zilizolegea kwa mtikisiko ni za mwenye gari, na apite nazo kwa spana kila gari linaporudi.

#6 Mtalii_wa_Ndani

Zipu_na_Turubai, hapo umefunga kazi. Nani atuambie tairi? Kila mkataba unasema "tairi ni juu ya mteja", hata likiwa kipara.

#7 Kiraka_Moto

Tairi linasoma kama kitabu, mkuu.

Kwanza umri. Ubavuni kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Piga picha ya tairi zote tano, pamoja na spea. Spea ndiyo huwa ya zamani kuliko zote na hakuna anayeiangalia mpaka imehitajika.

Pili meno. Pima kina siku ya kutoa, uandike. Hesabu ya haki: toa milimita 2 (hapo tairi limeisha kwa kazi ya porini), gawanya kwa maisha yote. Tuseme jipya lilikuwa na milimita 12, siku ya kutoa lina 7. Maisha yaliyobaki ni 5 kati ya 10, kwa hiyo mteja akiliua analipa nusu ya bei ya tairi jipya la aina ileile.

Tatu, limekufaje? Msumari kwenye sehemu ya kukanyaga ni pancha tu, inazibwa, mteja alipe kiraka. Jiwe likikata ubavu, tairi limekwenda, halizibwi. Ila ugomvi mkubwa ni tairi lililopasuka. Livue kwenye rimu uangalie ndani. Ukikuta unga mweusi wa raba na mstari uliosagika kuzunguka ubavu wote, tairi lilitembezwa bila upepo kilomita kadhaa, dereva hakusimama. Ndani kukiwa kusafi na mpasuko una nyota au pembe tatu, ni jiwe au shimo. Meno yakibanduka kama ganda na waya zinaonekana huku ndani kuzima, hiyo mara nyingi ni uzee na joto.

Upepo uandikwe kwenye mkataba kwa psi. Kwenye rasta (vile vituta vidogo vya barabara ya vumbi) watu hushusha mpaka 28 hivi ili gari lisitikisike, ni sawa, lakini akirudi lami aupandishe kabla ya kukimbia. Tairi laini kwa kasi ya mia kwenye lami ya Makuyuni linachemka. Kwa hiyo kompresa ndogo na geji viwemo kwenye gari, vimeandikwa kwenye orodha, la sivyo unamdai mteja kitu ambacho hukumpa njia ya kukifanya.

#8 Bima_Kubwa

Niseme la bima kwa ufupi, watu wanajidanganya sana hapa.

Bima ndogo hailipi gari mlilokodi, inalipa mtu wa tatu tu, yaani yule mliyemgonga. Bima kubwa ya matumizi binafsi nayo inaweza kukataliwa pale inapogundulika gari lilikuwa la kukodisha. Aina ya matumizi lazima isomeke hivyo kwenye cheti. Mteja anaweza kuhakiki bima mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) kwa namba ya gari kabla hajalipa shilingi. Hata bima kubwa halali ina kiasi ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe kwenye kila tukio, na kwa kawaida hailipi tairi peke yake, uchakavu wala ubovu wa mitambo. Klachi na ukungu tunavyovibishania humu, na hata betri, haviko kwa bima hata siku moja. Kwa hiyo amana iendane na kile kiasi cha kubeba. Kuiweka mara mbili yake ni kumkopa mteja bila riba.

Ajali ikitokea gari lisisogezwe kwenda gereji kabla ya polisi. Bila ripoti ya trafiki na ya ukaguzi wa gari, hakuna dai.

Na wale wanaoandika kwenye mkataba "ukichelewa au ukichafua, amana yote imeenda": Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inatoa fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi kilichotajwa. Yaani kile mlichoandika ni dari. Hakikupi haki ya kuchukua chote kwa hasara ndogo.

#9 Njiapanda_Nrb

Sasa wadau, huku Nairobi mambo ni yaleyale ila jina tu ndilo tofauti: mtu wa bima atakuitisha "abstract" ya polisi, bila hiyo hakuna maneno.

Naongeza la mpaka. Gari ya Kenya ikivuka Namanga inataka barua ya mwenye gari na Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika). Tanzania ilitoka COMESA lakini kwa mpango wa hii kadi bado imo. Shida ni watu kudhani kadi inafunika gari. Hapana, ile ni ya mtu wa tatu. Ukigonga mti ukiwa Manyara, gari yenyewe inalipwa tu kama bima kubwa imeongezewa eneo kwa maandishi. Mwenye gari akiruhusu mteja avuke bila hiyo, halafu aanze kumdai gari nzima, huyo amelala kazini.

Pia petroli kwa gari ya dizeli. Ikigundulika kabla ya kuwasha, usifungue swichi, toa mafuta yote ya tangi, lioshe, badilisha filta, basi. Mteja alipe hiyo. Ikishawashwa kwa injini za kisasa za presha kubwa, pampu na nozeli zinaweza kwenda zote. Stika nyekundu ya DIZELI TU kwenye mdomo wa tangi ni bei ya chai.

#10 Bongo_Ughaibuni

Huku Ujerumani magari ya kulala ni nyumba kabisa, choo na jiko ndani, na amana ya euro 1,000 hadi 1,500 ni jambo la kawaida. Ugomvi wa usafi unahusu zaidi kaseti ya choo, kile kisanduku cha lita kama 18 kinachovutwa kutoka ubavuni. Kikirudi na mzigo, faini yake imeandikwa kabisa kwenye mkataba na hakuna anayebisha. Maji machafu ya sinki yatolewe pia, tangi lirudi tupu.

Hasara zinazojirudia ni tatu. Kivuli cha kukunja cha ubavuni kilichoachwa wazi upepo ukaja. Kona ya nyuma: gari ni refu nyuma ya ekseli, ukikata kona kushoto mkia unapiga kulia. Na paa, maana nyingi zinakaribia mita 3 au kuzipita na dereva amezoea gari dogo. Kuna na maajabu ya mtu kujaza maji kwenye tangi la dizeli kwa sababu vifuniko vimekaa jirani.

Unyevu ndani ya kuta ndio unaotaka jicho. Pima kwa kipima unyevu kwenye pembe za dirisha la paa siku ya kukabidhiwa. Ukuta uliolainika haulainiki kwa safari ya siku kumi.

#11 Zipu_na_Turubai

Mkuu hiyo ya mkia hata Land Cruiser ndefu yenye tairi la spea kwenye mlango wa nyuma inahusika. Watu hurudi nyuma wakipima kwa bampa, spea inatangulia kugonga, mlango unapinda kwenye bawaba. Ukiona mlango wa nyuma unafunga kwa kubamizwa, angalia bawaba kabla hujalaumu loki.

#12 MzeeWaDifu

Betri ya pili, kabla sijalala. Mteja kaambiwa kaua betri ya friji. Hesabu: friji ya kompresa kwenye joto letu inakula wastani wa ampea 2 hivi kwa saa, yaani karibu Ah (ampea-saa) 48 kwa siku. Betri ya asidi ya Ah 100 inatakiwa itumike nusu tu. Kwa hiyo gari likisimama kambini siku nzima bila kuwashwa wala sola, siku moja ndiyo mwisho wake. Mteja aambiwe hivyo, na friji iwekwe kwenye kiwango cha juu cha kujizima betri inaposhuka. Nyingi zina ngazi tatu.

Kupima: chaji ijae, iache ipumzike usiku kucha bila kitu. Ikisoma volti 12.6 na zaidi, halafu ikabeba friji kwa muda wa saa kumi bila kushuka chini ya 12.1 hivi, betri nzima. Ikijaa haraka na kushuka haraka, imechoka, na betri ya miaka minne haikuuawa na mtu wa wiki moja. Ukikuta maji ya asidi yako chini ya mabamba, hapo mwenye gari ajiulize mwenyewe mara ya mwisho aliongeza lini.

Kuhusu ufundi wa klachi, Mtalii_wa_Ndani, nimefikiria. Kama mkataba haukusema, ugawanywe. Kama umesema, ufuatwe.

#13 Mtalii_wa_Ndani

Poa mkuu. La mwisho: deni la trafiki linakuja baada ya gari kurudi, na gesi je?

#14 Spana_Kumi_na_Tatu

Deni: angalieni namba ya gari kwenye mfumo wa polisi siku ya kutoa na siku ya kurudisha, piga picha ya skrini zote mbili. Kosa lina tarehe, saa na mahali, kwa hiyo halina ubishi. La kamera linaweza kuchelewa kuingia; shikilia faini ya makosa mawili kwa siku saba, nyingine zote rudisha leo.

Gesi: uzito wa mtungi mtupu umepigwa kwenye chuma chake. Weka mtungi wa kilo 6 kwenye mizani ya duka, toa uzito wa mtupu, kilichobaki ndiyo gesi. Fanya hivyo mara mbili, kutoa na kurudisha, mteja alipe tofauti kwa kilo. Mizani ikiwa haipo, mpe mtungi uliojaa wenye lakiri na umwambie hahitaji kuurudisha umejaa.